Kontena Bila Mamlaka ya Root: Ruhusa za Faili Kwenye Seva za Pamoja Kanda ya Ziwa

Seva moja yenye nguvu inaweza kuhudumia idara nzima ya chuo au taasisi ya utafiti. Watumiaji wake hawalazimiki kukaa karibu nayo. Mmoja anaweza kuwa Bugando, mwingine Nyegezi, na wa tatu nyumbani Usagara, pale barabara itokayo mjini Mwanza inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kigongo, akiingia kwenye mashine hiyo kwa bando la simu. Kila mmoja ana kazi yake na programu zake. Huyu anataka toleo jipya la R. Yule anataka toleo la zamani la Python kwa sababu ndilo lililotumika katika utafiti anaourudia. Wa tatu anataka hifadhidata ya PostgreSQL. Msimamizi wa mfumo ni mmoja, na hawezi kuwasakinishia wote kila kitu bila programu za huyu kuvuruga za yule.

Kontena zilibuniwa kuondoa mgongano wa namna hiyo. Programu hufungwa pamoja na kila inachokitegemea katika kifurushi kiitwacho taswira, kisha huendeshwa ikiwa imetengwa na programu nyingine za mashine ileile. Docker, iliyotangazwa Machi 2013, ndiyo iliyozieneza duniani. Lakini mtumiaji wa kawaida anayejaribu kuiendesha kwenye seva ya pamoja hukutana mara moja na ujumbe kwamba amenyimwa ruhusa. Hapo ndipo swali linapozaliwa: apewe mamlaka ya root, ile akaunti yenye namba 0 ambayo Linux haiizuii karibu kwa lolote, au kuna njia ya kumaliza kazi yake bila mamlaka hayo?

Njia ipo, na imekomaa. Inayosumbua watu ni sehemu yake moja, yaani ruhusa za faili, na wengi huishia kuitatua kwa kufungua kila kitu. Makala haya yanatetea msimamo mmoja: kosa la ruhusa ndani ya kontena karibu kila mara ni kosa la utambulisho, na tiba yake ni kulinganisha namba za watumiaji. Kuongeza mamlaka kunaficha ugonjwa na kuwaweka wengine hatarini.

Kwa nini swali hili ni zito Mwanza

Mwanza ni mji wa utafiti wa afya kwa miongo mingi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapa, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 jumuiya 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40; matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995 na kusomwa duniani kote. Huko Kisesa, wilayani Magu, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa tangu 1994 katika utafiti wa muda mrefu kuhusu VVU.

Data za aina hii ni siri za watu waliokubali kutoa damu na majibu yao kwa sababu waliahidiwa kulindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inamtaka anayezikusanya au kuzichakata azilinde dhidi ya kuonwa na asiyehusika. Kenya na Uganda zilishatunga sheria zao mwaka 2019. Kwa hiyo, katika seva yenye data za afya, swali la nani anaweza kusoma faili gani ni la kisheria na la kimaadili kabla halijawa la kiufundi.

Upande wa pili wa mizani ni kazi yenyewe. Mtandao wa bioinfomatiki wa H3ABioNet, ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwa na vituo Tanzania, Kenya na Uganda miongoni mwa nchi nyingine za Afrika, uliandaa mtiririko wa uchambuzi wa jenomu uliofungwa ndani ya kontena ili uendeshwe kwa namna ileile katika mashine tofauti. Sababu iko wazi: taasisi za Afrika hazina mashine za aina moja, na mtafiti wa Entebbe anapaswa kupata jibu lilelile analolipata wa Dar es Salaam kwa data ileile. Kumnyima mtafiti kontena ni kumrudisha nyuma. Kumpa kontena pamoja na mamlaka ya root ni kumkabidhi siri za wengine wote.

Linux inasoma namba

Kila faili kwenye Linux ina mmiliki mmoja, kikundi kimoja, na seti tatu za ruhusa: za mmiliki, za kikundi na za watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Faili yenye ruhusa 640 inasomwa na kuandikwa na mmiliki, inasomwa tu na kikundi, na wengine hawaioni ndani. Kwa folda, ruhusa ya kuendesha ina maana ya kupita. Folda isiyo nayo haipitiki hata kama faili zilizomo ziko wazi kwa wote. Ndiyo maana mtu anaweza kuhangaika na faili kutwa nzima ilhali kikwazo ni folda iliyo ngazi mbili juu yake.

Jambo la kushika zaidi ni kwamba kiini cha Linux hakijui majina. Jina la mtumiaji ni lebo tu. Kinacholinganishwa na ruhusa za faili ni namba. Kontena nayo huja na orodha yake ya watumiaji, yenye namba zake. Taswira rasmi ya PostgreSQL, kwa mfano, huendesha hifadhidata kwa mtumiaji namba 999. Taswira za Jupyter hutumia namba 1000. Namba hizo zinapokutana na faili za seva, ambazo labda zinamilikiwa na namba 1004, kiini kinaona wageni na kuwafungia mlango. Anayelielewa jambo hili ameshaelewa makosa mengi ya ruhusa atakayokutana nayo.

Mlango wa Docker

Docker ya kawaida inafanya kazi kupitia huduma inayoendeshwa muda wote na root. Mtumiaji huzungumza nayo kupitia soketi iliyoko `/var/run/docker.sock`, inayomilikiwa na root na kikundi cha docker, yenye ruhusa 660. Asiyekuwa root wala mwanakikundi hawezi kuigusa. Huko ndiko unakotoka ule ujumbe wa kunyimwa ruhusa.

Tiba inayopendekezwa haraka ni kumwingiza mtumiaji katika kikundi cha docker. Inafanya kazi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwanakikundi huyo anaweza kuiambia huduma iunganishe diski nzima ya seva ndani ya kontena yake, kisha akiwa root ndani ya kontena akasoma na kubadilisha faili yoyote, pamoja na `/etc/shadow` yenye nywila zilizofichwa za watumiaji wote. Watengenezaji wa Docker wenyewe wameandika onyo kwamba kikundi hiki kinatoa mamlaka sawa na ya root. Ni sawa na mpangaji kuomba ufunguo wa chumba chake, naye mwenye nyumba akampa shada zima la funguo za vyumba vyote.

Tiba ya pili, kuweka ruhusa 666 kwenye soketi, ni mbaya zaidi: kila mwenye akaunti kwenye mashine anakuwa root bila hata kusajiliwa popote. Kwenye kompyuta ya mtu binafsi hilo ni hatari yake mwenyewe. Kwenye seva ya pamoja ni hatari ya watu ambao hawakuulizwa.

Njia zilizopo

Msingi wa kontena zisizohitaji root ni uwezo uliokamilika katika toleo la 3.8 la kiini cha Linux, Februari 2013: mtumiaji wa kawaida anaweza kutengewa eneo lake la utambulisho, ambamo anaonekana kuwa root, huku nje ya eneo hilo akibaki yuleyule mwenye namba 1004. Anachokifanya kwa hadhi hiyo ya ndani hakivuki mipaka ya haki zake za nje. Juu ya msingi huo zimejengwa zana kadhaa.

Ya kwanza ni Apptainer. Ilianza kwa jina la Singularity, ikatolewa mwaka 2016 na Gregory Kurtzer wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, mahsusi kwa kompyuta kubwa za kisayansi ambazo watumiaji wake hawapewi root. Mwaka 2021 mradi uliingia chini ya Linux Foundation na kubadilishwa jina. Tabia yake kuu ni kwamba ulivyo nje ndivyo ulivyo ndani: namba yako haibadiliki, na folda yako ya nyumbani inaunganishwa yenyewe. Taswira yake ni faili moja, na inaweza kutengenezwa kutokana na taswira za Docker.

Ya pili ni Podman, iliyotoka Red Hat. Haina huduma ya root nyuma yake, na amri zake zinafanana sana na za Docker. Ya tatu ni Docker yenyewe katika hali isiyo ya root, iliyojaribiwa katika toleo la 19.03 mwaka 2019 na kuthibitishwa kuwa tayari katika toleo la 20.10, Desemba 2020. Kwa mashine ambayo msimamizi wake hawezi kabisa kusakinisha chochote, ipo pia udocker, iliyotengenezwa Ureno, inayoendeshwa kikamilifu ndani ya akaunti ya mtumiaji, ingawa kasi yake na utengaji wake ni hafifu zaidi.

Uchaguzi si mgumu. Kwa uchambuzi wa data unaoanza na kuisha, Apptainer ina matatizo machache zaidi ya ruhusa. Kwa huduma inayobaki hewani, kama hifadhidata au tovuti, Podman inafaa zaidi.

Makosa ya ruhusa na tiba zake

Kosa la kwanza liko upande wa msimamizi. Podman na Docker isiyo ya root zinahitaji kila mtumiaji awe na akiba ya namba za ziada, zinazoandikwa katika faili `/etc/subuid` na `/etc/subgid`. Mstari `mtafiti:100000:65536` unampa mtumiaji huyo namba 65,536 kuanzia 100000. Mtumiaji wa pili apewe kuanzia 165536, wala akiba zao zisigongane, maana zikigongana kontena za mmoja zinaweza kugusa faili za kontena za mwingine. Programu mbili ndogo, `newuidmap` na `newgidmap`, ndizo zinazogawa namba hizo. Hizo lazima zimilikiwe na root na ziwe na alama ya setuid, inayoziendesha kwa mamlaka ya mmiliki wake, au uwezo maalumu unaolingana nayo. Alama hiyo ikipotea, labda kwa sababu mfumo ulinakiliwa kutoka mashine nyingine, hakuna kontena itakayoanza. Kazi yote hii ni ya mara moja kwa kila mtumiaji, na baada yake kuendesha kontena hakumdai root.

Kosa la pili linamkuta mtumiaji wa Podman baada ya kuwasha hifadhidata. Anatazama folda yake na kuona faili zinamilikiwa na namba 100998, ambayo haipo katika orodha yoyote ya watumiaji, na hawezi kuzifuta. Hesabu yake ni nyepesi. Root wa ndani ya kontena ni yeye mwenyewe nje. Namba 1 ya ndani ni 100000 nje, namba 2 ni 100001, na hivyo namba 999 ya PostgreSQL ni 100998. Faili ni zake, ila ziko chini ya namba yake ya akiba. Amri `podman unshare` humwingiza katika eneo lake la utambulisho, na akiwa humo anaweza kutumia `chown` kubadilisha umiliki au `rm` kufuta, bila kumwita msimamizi.

Kosa la tatu ni kinyume cha hilo. Anaunganisha folda yake kwenye kontena ya Jupyter, na Jupyter inashindwa kuandika. Folda ni ya namba 1004, ambayo ndani inaonekana kama root, ilhali Jupyter inaendeshwa na namba 1000, ambayo nje ni 100999. Chaguo `--userns=keep-id:uid=1000,gid=100` katika matoleo mapya ya Podman linaiambia zana imlinganishe mwenye akaunti na mtumiaji wa Jupyter moja kwa moja. Faili zinaandikwa, na nje zinabaki kwa jina lake.

Kosa la nne linatoka kwa aliyetengeneza taswira. Akiwa root wakati wa kutengeneza, aliweka programu ndani ya folda `/root`, ambayo wengine hawaruhusiwi kupita. Kwa Docker ya kawaida hatalijua kosa lake kamwe. Kwa Apptainer, inayoendesha kila kitu kwa namba halisi ya mtumiaji, programu haionekani. Tiba ni kuiweka mahali pa wote, kama `/opt`, na kumalizia na amri `chmod -R a+rX`. Hiyo X kubwa ni muhimu: inatoa ruhusa ya kupita kwenye folda, na ya kuendesha kwa faili ambazo tayari zilikuwa za kuendeshwa, bila kuzigeuza data kuwa programu.

Kosa la tano ni la timu. Mtu mmoja anaunda matokeo, mwenzake hawezi kuyafungua. Hapa kikundi ndicho jibu. Msimamizi aunde kikundi cha mradi, aipe folda kikundi hicho, na aiwekee ruhusa 2770. Tarakimu ya kwanza, 2, hufanya kila kipya kinachoundwa ndani kirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyekiunda. Wanatimu wakiweka `umask 007`, wao wanaandika na kusoma kwa pamoja, na asiye wa mradi haoni kitu.

Mambo mawili mengine hudhaniwa kuwa ya ruhusa za kawaida kumbe sivyo. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat, SELinux inaweza kukataa hata pale namba zinapolingana. Folda inayounganishwa iongezewe alama ya `:Z`. Na folda ya nyumbani ikiwa kwenye diski ya mtandao ya NFS, Podman itashindwa kuhifadhi taswira humo kwa sababu seva ya diski haizitambui namba za akiba. Hifadhi yake ihamishiwe diski ya ndani.

Katika makosa yote haya, mkono wa wengi hukimbilia `chmod -R 777`. Amri hiyo inampa kila mwenye akaunti haki ya kusoma, kuandika na kufuta. Pia haitibu inachodhaniwa kutibu. PostgreSQL hukataa kuanza pale folda ya data yake inapokuwa wazi kuliko 700 au 750. Huduma ya ssh nayo, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa funguo za mtumiaji ambaye folda yake ya nyumbani inaandikika na wengine. Mtu aliyeko Usagara akiipiga amri hiyo kwenye folda yake ya nyumbani anaweza kujifungia nje, na kesho asiweze kuingia.

Hoja za wanaopinga

Wapo wasimamizi wanaokataa njia hizi, na hoja yao ina uzito. Kumruhusu mtumiaji wa kawaida aunde eneo lake la utambulisho kunamfikisha kwenye sehemu za kiini ambazo zamani zilikuwa za root pekee, na sehemu hizo zimewahi kuwa na kasoro. Kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2022-0185, iliyotangazwa Januari 2022, ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kupanda hadi root kwa kupitia njia hiyo. Debian iliufunga uwezo huu kwa miaka mingi hadi toleo la 11 la mwaka 2021, na Ubuntu kuanzia toleo la 24.04 inauwekea mipaka kupitia AppArmor.

Lakini ulinganisho ufanywe kwa haki. Mwanakikundi wa docker hahitaji kasoro yoyote ili awe root. Mamlaka anayo tayari. Mwenye kontena isiyo ya root anahitaji kiini chenye kasoro ambacho hakijasasishwa. Na Februari 2019, ilipogunduliwa kasoro CVE-2019-5736 iliyowezesha kontena kuandika juu ya programu ya seva inayoziendesha, waliotenganisha namba za watumiaji ipasavyo walikuwa na kinga, kwa sababu root wa ndani hakuwa root wa nje. Hatari ya kikundi cha docker ni ya kila siku. Ile ya kasoro za kiini inapunguzwa kwa kusasisha mfumo kwa wakati.

Wanaolalamikia usumbufu nao wana ukweli wao. Kontena isiyo ya root haiwezi kwa kawaida kutumia milango ya mtandao iliyo chini ya 1024, hivyo tovuti itawekwa kwenye 8080. Huduma za Podman zinaweza kuzimika mtumiaji anapoondoka, mpaka `loginctl enable-linger` iwashwe kwa akaunti yake. Haya ni mapungufu madogo yenye majibu yanayojulikana.

Taasisi zifanye nini

Pendekezo langu kwa taasisi za Kanda ya Ziwa ni la hatua chache. Msimamizi asakinishe Apptainer na Podman kutoka kwenye hazina rasmi za vifurushi, ili ruhusa na alama za setuid zikae sawa tangu mwanzo. Agawe akiba za namba na kuziandika mahali, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi cha docker kiondolewe kwa kila asiye msimamizi. Kila mradi uwe na kikundi na folda yake. Taswira zinazotumiwa na wengi zipakuliwe mara moja na kuwekwa kwenye folda ya pamoja inayosomwa na wote na kuandikwa na msimamizi pekee; taswira moja ya uchambuzi inaweza kufikia gigabaiti kadhaa, na hakuna sababu ya watafiti kumi kuipakua mara kumi kwa intaneti ya kulipia.

Watumiaji nao wana wajibu. Ukikataliwa ruhusa, uliza kwanza maswali mawili: mimi ni namba ngapi ndani ya kontena, na faili hii ni ya namba ngapi nje? Amri `id` na `ls -ln` zitakujibu yote mawili. Toa ruhusa ndogo kabisa inayotosha, na usiombe root kwa kazi isiyoihitaji.

Wakazi wa Kisesa na wagonjwa wa Bugando hawatajua kamwe tuliandika namba gani kwenye faili zenye taarifa zao. Wametuamini hata hivyo, na sisi tunaozishika taarifa hizo ndio tunaowajibika kuziandika namba hizo kwa usahihi.